Habari za Diwani na Mama Salome

Shivachi,

Mulembe huko uliko. Naanza na habari njema. Fahali wako Diwani yuko hai, amenenepa mpaka mgongo umefanya bonde katikati, na aliyemfikisha hapo ni mimi, peke yangu, kwa panga langu na kiuno changu mwenyewe. Sijaomba mtu hata jani moja. Wazee wakipita hapa kwako wanasimama kwenye ua, wanatikisa kichwa, wanasema huyu Musotsi ni mwanaume kamili, amelinda mali ya rafiki yake bila kunyoosha mkono kwa mtu.

Nimesoma tena hayo niliyoandika nikaona utacheka mpaka usumbue majirani wako wa huko. Acha nirekebishe. Kwamba Diwani yuko hai ni kweli. Kwamba amenenepa ni kweli. Hayo mengine ni uongo. Hakuna mzee aliyesimama kwenye ua akasema hivyo. Wanaosimama hapo wananiita kwa jina la mwanamke, na nitakueleza sababu, lakini polepole, maana mimi na kalamu hatujazoeana tangu darasa la nne.

Wewe hukuambiwa hali ya boma lako ulipokuwa umelala. Ugonjwa ulikula ng'ombe wawili wa maziwa, ukala mbuzi, ukala na lile shamba la chini la majani ya nepia, ambalo mke wako alilikodisha ili upelekwe kupigwa picha za kifua. Ulikuwa ukiuliza, tunasema nepia iko, inapendeza. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kukuambia. Walisema nina uzoefu.

Halafu matanga. Matanga yako yalikuwa mazuri, bwana. Shida ni kwamba yalikuwa mazuri sana. Watu wa Isukha walikuja wote, wakaja hata wa Idakho ambao hatukuwatarajia, wakaja wenzake Rebeka binti yako, wale wa ofisini kule Amalemba, na viatu vya kuingilia benki. Isukuti ilipigwa mpaka ngoma moja ikapasuka ngozi. Diwani tulimzungusha bomani kama desturi inavyotaka fahali wa mwenye kufa azungushwe, majani shingoni, watu wanaimba nyuma yake, mimi nimeshika kamba. Akakanyaga sufuria la wali la wageni wa Amalemba. Niliwaambia nimeshindwa kumvuta. Hapana, nilimwelekeza. Walikuwa wamekalia viti vyote.

Siku nne watu walikula. Walipoondoka, ghala lako lilikuwa linatoa mwangwi kama kanisa siku ya Jumatatu.

Kwenye grupu yetu ya simu, ile ya wapenzi wa Diwani, kila mtu aliweka mshumaa na mikono ya kuomba. Tuko pamoja na familia, tuko pamoja na familia. Baada ya wiki tatu mishumaa ikazimika, wakarudi kubishana ni fahali wa nani alikimbia mwaka gani. Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nabishana nao.

Kisha ukaja ugonjwa wa midomo na kwato huko mbali, sijui wapi, na karantini ikawekwa mpaka huku. Hakuna kuhamisha ng'ombe, hakuna uwanja, hakuna mafahali kupigana. Sasa wewe unajua fahali kama Diwani. Tulimpa jina hilo kwa sababu anakula miaka mitano na kazi yake inaonekana siku moja. Wakati wa michezo, watu walikuwanga wanaleta majani bila kuulizwa, huyu fungu, yule fungu, kila mtu anataka aonekane amemlisha bingwa. Michezo iliposimama hata nzi walipungua. Nikawa nakata majani pembeni mwa msitu hapo Isecheno, mpaka askari mmoja wa msitu, kijana mwenye adabu, akaniambia, "Mzee, leo sijakuona, lakini kesho nitakuona." Nikaelewa.

Diwani akaanza kuonyesha mbavu. Jambo lingine ni hili, na hili halinichekeshi. Siku moja niliingia jikoni kwako kutafuta kaa la kuwashia sigara. Mama Rebeka alikuwa anapika obusuma, ugali wetu, kwa kisufuria kile kidogo cha kuchemshia yai. Nikamtania, nikamuuliza kama siku hizi anapikia paka. Akasema ameshiba. Saa saba mchana, hajatafuna kitu, ameshiba. Wewe ndiye uliyelala naye miaka arobaini, unajua huyo mama akisema hivyo anasema nini. Nilitoka bila kuwasha sigara. Rebeka alikuwa analeta kidogo kila mwisho wa mwezi, lakini mshahara wake ulikuwa bado unalipa kitanda chako cha hospitali, na mama yake akakataza asiambiwe.

Basi Jumatatu moja akaja mtu wa bucha kutoka mjini. Alimpima Diwani kwa macho kuanzia nyuma. Wewe ulikuwanga unapima fahali kuanzia pembe. Mtu akianzia nyuma, jua anahesabu kilo. Akasema karantini haizuii ng'ombe anayeenda kuchinjwa, ana kibali, na Ijumaa atarudi na gari. Mama Rebeka hakulia. Alingoja aondoke, akaniambia, "Shemeji, mimi siwezi kula pembe."

Alikuwa na haki. Upande mwingine nilikuwa nimekuahidi. Siku ile kitandani uliponishika mkono ukasema Diwani asife kwa kisu, nilisema sawa. Nakiri nilisema haraka kwa sababu nilikuwa nimebanwa na mkojo na wewe hukuwa unaachilia mkono. Lakini nilisema.

Sasa tumefika kwa Mama Salome.

Usijifanye humjui. Tulimzaa pamoja, mimi na wewe, tumekaa nyuma ya zizi, mwaka ule Luvembe wa Idakho alipomleta fahali wake Transfoma na sisi tukataka kujua anamlisha nini. Rebeka alikuwa amenipa simu yake ya zamani. Wewe ndiye uliyesema tuingie kwenye grupu yao kisirisiri. Nikasema watajua jina langu, nimewatusi kwa wimbo kila uwanja. Ukasema, basi ingia kama mwanamke, nani atamshuku mama wa kanisa. Na jina ulilichagua wewe, Salome, yule wa misheni aliyetukataa sote wawili wiki moja. Tukapiga picha ua jekundu la pale kwenye lango lako tukaliweka badala ya uso. Ulicheka mpaka ukakohoa. Wakati huo kikohozi kilikuwa bado ni cha kucheka.

Kazi ya jasusi ina uchovu wake. Ili wasimshuku, ilibidi Mama Salome atume baraka kila asubuhi. Amkeni wapendwa, Bwana ameamka kabla yenu. Mimi, ambaye mara ya mwisho kuingia kanisani nilikuwa natafuta mwavuli wangu. Na wakiandika mambo ya ng'ombe ilibidi nijibu, kwa sababu mama asiyejua ng'ombe anatafuta nini kwenye grupu ya mafahali? Unakumbuka yule kijana aliyeandika fahali wake amekula majani ya viazi yenye umande, tumbo limevimba upande wa kushoto kama ngoma, amelala, na daktari wa mifugo hapatikani? Nikakuambia, mwache afe, huyo ni adui. Ukaninyang'anya simu. Hukujua kuandika juu yake ukanirudishia, ukasema, "Musotsi, mjibu. Ng'ombe hana grupu."

Nikamjibu. Mpe chupa ya mafuta ya kupikia taratibu, msimamishe miguu ya mbele ikiwa mahali palipoinuka, mkande tumbo, usimwache alale. Jioni akaandika kwamba fahali ametoa upepo mpaka jirani amefunga dirisha. Mungu akuweke, mama. Watu wakamwita Mama Salome daktari. Tangu siku hiyo walikuwa wananiuliza mimi kwanza. Kupe, minyoo, ndama aliyekataa kunyonya. Nilikuwa najibu yote, na sikujua ni tangu lini niliacha kupeleleza. Mara ya mwisho kukuletea siri ya Transfoma ilikuwa kwamba anapenda maganda ya ndizi, na hilo kila ng'ombe anapenda.

Haya. Jumanne, baada ya ule usemi wa pembe, nilikaa nyuma ya zizi nikafungua simu niwaombe watu wetu msaada. Kuandika kungechukua mpaka Ijumaa yenyewe, kwa hivyo nikashika ile alama ya sauti nikaongea. Nikasema watu wangu, ni mimi mzee wenu, leo sina mzaha. Nikasema Diwani ana njaa, mbavu zinahesabika. Nikasema mama wa nyumba hii anapikia kisufuria cha yai na hawezi kuwaambia, na Ijumaa fahali anaenda bucha, na mimi nilimwahidi marehemu. Sauti ilinikatika hapo kidogo. Ni vumbi la majani. Halafu nikamalizia kwa kusema, tafadhali maneno haya yasitoke nje ya hapa, maana wale mbuzi wa Idakho wakisikia Diwani amekonda watapika pombe washerehekee.

Nikatuma. Umeshaelewa.

Grupu yetu ina picha ya fahali mweusi. Grupu ya Idakho ina picha ya fahali mweusi. Mimi nina macho mawili yenye miaka sabini na mitatu. Nilijua nimekosea nilipoona jibu la kwanza, kutoka kwa mama mmoja wa kule: "Pole sana Mama Salome, hiyo homa imekupiga vibaya, hata sauti imekuwa ya mwanaume."

Nilitaka kuliacha liende hivyo. Kwa dakika moja nilifikiri inawezekana, kwamba naweza kukohoa, nikasema ni homa. Halafu Luvembe mwenyewe akaandika. Maneno machache. "Hiyo si homa. Huyo ni Musotsi wa Isecheno."

Unajua simu inaonyesha watu wakisikiliza. Walikuwa wanasikiliza mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayesema kitu. Nilitafuta mahali pa kutokea kwenye hiyo grupu sikupata. Nikaitia simu ndani ya debe tupu la mahindi nikafunika.

Jumatano asubuhi niliitoa, nikapeleka maneno yaleyale kwa watu wetu. Safari hii niliangalia mara tatu. Wakajibu kwa zile sura za kucheka. Mmoja akauliza, Diwani amekufa tena? Mwingine akasema mzee Musotsi anataka nyama ya Ijumaa. Na sababu niliwapa mimi mwenyewe, Shivachi, siku ile nilipowatangazia kwamba Diwani amekufa ili nione nani atalia. Walikodi gari kutoka mjini, wakaja na isukuti, wengine macho mekundu, wakamkuta anatafuna na mimi natafuna karanga. Ulininunia wiki nzima. Nilidhani unanionea. Sasa nilikuwa nimekaa na jambo la kweli kinywani na hakuna wa kulipokea. Mahali pekee ambapo neno langu lilikuwa na uzito ni kwa maadui, nikiwa mwanamke.

Alhamisi, umande bado haujakauka, nikasikia gari linapanda huku. Nikafikiri mtu wa bucha amewahi. Ilikuwa pikapu, imejaa vilele vya miwa mpaka dereva haonekani, na nyuma yake pikapu nyingine ya nepia, na watu wa Idakho wamekaa juu kama wamepanda tembo. Kijana mmoja wao anakata miwa kule Ekero. Alikuwa amewaomba wenzake vilele vyote vya siku mbili. Vilele vya miwa si vitu vya kuuzwa, lakini kuvitoa Ekero mpaka Isecheno ni mafuta ya gari, na mafuta walichangishana kwenye simu usiku ule ambao simu yangu ilikuwa kwenye debe.

Luvembe akashuka. Amezeeka, utafurahi kusikia. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Mama Salome yuko?"

Nikamwambia ameenda kanisani.

Hakucheka yeye, walicheka wengine. Yule kijana wa tumbo la kuvimba alikuwepo. Alinishika mkono kwa mikono miwili, kama anayesalimia mama mkwe, akasema hakuja kwa ajili ya Diwani, amekuja kwa ajili ya daktari. Nilimwambia aache ujinga, ashushe majani. Nilikuwa na vumbi tena.

Lakini usiringe. Mimi nilikuwa sehemu ndogo, kubwa ilikuwa yako. Luvembe alikaa na Mama Rebeka kwenye benchi la nje akamweleza kilichomleta, na mimi nilijifanya napanga majani ili nisikie. Alimkumbusha siku ile Transfoma aliteleza akaanguka kwenye mtaro kando ya uwanja akaumia mguu. Mimi nilishaanza wimbo. Ulikuwa wimbo mzuri, wa mtaro na matako, bado naukumbuka. Wewe ukanyamazisha isukuti, ukaingia mtaroni na nguo zako za Jumapili, mkamwinua, halafu ukatembea naye kwa miguu mpaka Idakho, wewe upande huu, Luvembe upande ule, fahali akichechemea katikati. Uliporudi kesho yake nilikuuliza walikulipa nini. Ulisema chai.

Luvembe alimwambia mama, "Tulikunywa chai tu. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa siku hiyo." Kisha akasema kwamba hataki kuja kupigana na fahali mwenye njaa, maana akimshinda atajisifu kwa nani? Nadhani hiyo ya mwisho aliisema ili isionekane ni huruma. Sisi wazee tuna aibu na huruma.

Walikuwa wameleta pia mahindi, magunia matatu. Mama Rebeka aliyakataa. Akasema majani ni ya fahali, hayo anapokea, lakini yeye si mfiwa wa jana, watu walishamchangia. Unamjua. Nilitamani kumfinya. Luvembe hakubishana naye. Aliuliza tu kama Diwani bado anapanda.

Nikajibu mimi, kwa niaba ya Diwani, kwamba ukimwachia kamba hata matingatinga yako hatarini.

Basi jambo likapangwa hapo hapo kwenye benchi. Luvembe ana mitamba miwili, na wenzake wana mitamba, na kwa miaka wamekuwa wakiitamani damu ya Diwani lakini adui hawezi kuja kuomba kitu kama hicho. Hayo magunia matatu si msaada, akasema, ni kutangulia foleni. Karantini ikifunguliwa, kila atakayeleta mtamba atakuja na debe la mahindi au na mzigo wa majani, na akija mikono mitupu arudi naye. Mama Rebeka akafikiri. Akasema kama ni kazi, ni sawa, lakini iandikwe, na ng'ombe wa mjane yeyote apandwe bure. Kijana mmoja akaiandika kwenye simu, akaituma kwenye grupu, na kabla hawajamaliza kushusha majani watu kumi na kitu walikuwa wameweka majina ya mitamba yao.

Ijumaa mtu wa bucha alikuja. Alimkuta Diwani amesimama ndani ya vilele vya miwa mpaka magotini, anatafuna na kunitazama kama vile mimi ndiye mgeni. Mama Rebeka alimpa chai, akampa na yai la kuchemsha, akamwambia biashara imekufa. Alipika yai hilo kwenye kile kisufuria. Sufuria ya obusuma ilikuwa motoni, kubwa.

Karantini ilifunguliwa mwezi uliopita. Diwani ana kazi, na anaifanya kwa moyo. Ghala limeacha mwangwi. Lile shamba la chini bado limekodishwa, sitakudanganya, na Rebeka bado analipa hospitali, lakini sasa anajua, nilimwambia mimi, mama yake akaninunia siku mbili kisha akaniletea mguu wa kuku, ingokho halisi. Watu wa grupu yetu walipoona picha za Idakho wakishusha majani kwako waliona aibu, nao wakaanza kuleta. Sikuwatania. Nilitania wawili tu.

Kuhusu Mama Salome, niliwaomba watu wa Idakho wamtoe kwenye grupu yao. Wakakataa. Nilipoacha kutuma baraka asubuhi, walilalamika kwamba siku haiendi vizuri. Kwa hivyo bado naamka na kumtaja Bwana kabla sijanywa chai, na nikipita sokoni vijana wananiamkia, shikamoo mama. Nimezoea. Nimeanza hata kuitika.

Mwezi ujao Diwani na Transfoma wanakutana. Sijui nitaimba upande gani, na sijali sana nani ataanguka. Ninachokuahidi ni kile kile, na safari hii sijabanwa na mkojo: huyo fahali hataona kisu nikiwa hai, na mke wako hatapikia sufuria ya yai nikiwa nina miguu. Kaa salama huko, ndugu yangu. Usiwafundishe wenyeji kamari. Nikija nitakusimulia mengine kwa mdomo, maana kidole kimeanza kuuma.

Lakini kabla sijaweka kalamu. Mitamba ikija hapa, wenye ng'ombe wanasimama wanamtazama Diwani, wanasema jambo moja. Jicho la Shivachi. Marehemu alikuwa na jicho, aliona fahali ndani ya ndama. Luvembe anasema hivyo. Mama Rebeka anasema hivyo, na uso wake unakunjuka akisema.

Shivachi, wewe na mimi tulikuwa mnadani Khayega siku hiyo. Ulitaka yule ndama mwekundu, mwenye shingo. Mimi ndiye niliyekuonyesha huyu mweusi, ana kamasi, amejificha nyuma ya mama yake. Ulisema hata fisi hawezi kumchukua. Tulibishana mpaka mwekundu akauzwa kwa mtu mwingine, ukamnunua mweusi kwa hasira, na kufika nyumbani likawa jicho lako. Nilipokuuliza ulicheka ukasema utamwambia mke wako ukweli siku moja. Wiki ile ya mwisho nilikukumbusha, ukasema kesho. Kesho yake ulikuwa na safari.

Mimi siwezi kumwambia. Nani atamwamini Musotsi? Na wenye mitamba wakisikia kwamba jicho lilikuwa langu, watageuza ng'ombe wao pale pale langoni. Kwa hivyo kwa watu wa nje liache libaki lako, linatuletea mahindi. Naomba huyu mmoja tu, mke wako, ajue. Anasema siku hizi unamjia usingizini, unakaa kwenye benchi, humwambii kitu. Basi usiku ukija tena, ukishakaa, mwambie kwamba yule mweusi alichaguliwa na Musotsi. Sema hayo tu, halafu unaweza kuendelea kunyamaza.